Nilivyobebwa Kakuma na Ndugu Yake Deng

Mwaka ule ndio tulikula dengu. Kabla yake tulikula mahindi ya njano, na baada yake tukarudia makoma, matunda ya mikoma ya mtoni, lakini mwaka ule magunia ya dengu yalishuka kutoka kambi ya Kakuma yakajaa Lodwar, na hapakuwa na mama aliyejua kuzipika. Mimi niliziweka motoni asubuhi, jioni bado zinagonga meno kama changarawe. Jirani yangu alizisaga akapika uji. Tukamcheka, kisha tukamwiga. Basi mtu akikuuliza safari hii ilikuwa lini, mwambie mwaka wa dengu, na kila aliyekuwa na tumbo ataelewa.

Nyinyi wenzangu wa kusuka vikapu hamjaniacha nipumue tangu nirudi. Bibi mzima, na shanga zako zote shingoni, ulifikaje Kakuma juu ya baiskeli? Nimechoka kusimulia mmoja mmoja. Naandika mara moja, anayejua kusoma awasomee wengine. Habari za vibali na karatasi nimeziruka, hazina utamu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanangu Ekai alikufa akaacha mtoto mmoja tu, Akiru. Akiru alienda Kakuma kuwauzia wakimbizi kuni na makaa, akapatana huko na Mdinka mmoja wa Sudan, jina lake Deng, na sasa alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Deng hakuwa amechinja ng'ombe wa harusi. Mnajua sheria yetu, lakini naiandika kwa sababu vijana wa siku hizi wanajisahaulisha: ng'ombe asipoanguka mbele ya wakwe, hakuna ndoa, na mtoto ni wa nyumba ya baba ya msichana. Kwa hiyo yule mtoto alikuwa wa Ekai. Nyumba ya Ekai ilikuwa imezimika, na hapo katikati ya majivu kaa moja likaonekana.

Lakini niliambiwa Deng anataka mtoto aitwe jina la baba yake, aliyebaki vitani huko Sudan. Na jina kwetu si mchezo. Linatajwa mtoto akiwa titini. Akinyonya, limeingia, hulitoi tena. Akiru alituma neno kwamba atamnyonyesha mtoto kimya kimya mpaka nifike mimi. Sasa mwanamke atanyamaza kwa muda gani na mwanamume anamwomba kila siku? Ilinibidi nifike.

Lodwar: mtu mrefu kwenye ua

Malori ya kwenda Kakuma yalikuwa yanangoja askari wa kuyasindikiza, kwa sababu ya wenye bunduki njiani. Leo wanasema kesho, kesho wanasema tungoje. Nilishafunga mzigo wangu, nikaufungua, nikaufunga tena.

Asubuhi moja mtu mrefu, mweusi, kimya, akasimama nje ya ua wangu ameshika baiskeli. Ile nyeusi nzito ya kubebea magunia, yenye keria pana nyuma. Vumbi lilikuwa limemfika kope.

"Ejok, Haboba," akasema. Salamu ilikuwa yetu ya Kiturkana, lakini Haboba ndiyo bibi kwa Kiarabu chao cha Juba.

"Ejok. Wewe ni nani?"

"Mimi Mabior. Ndugu ya Deng. Akiru ametuma mimi nichukue wewe."

"Na Deng mwenyewe?"

"Deng iko na kazi."

Nikamtazama shingo. Alivaa mkufu wa shanga, nyekundu zikifuatwa na nyeupe, kisha buluu, kisha kipande cha mfupa. Mpango ule ni wangu. Nilimfundisha Akiru peke yake, na msichana hamvishi shemeji mkufu wa namna ile. Nikajua huyu ndiye Deng, kutoka kichwani hadi kwenye ndara za tairi alizovaa.

Nikanyamaza, na nitawaambia kwa nini. Kwetu mwanamume ambaye hajachinja haji kwa bibi wa msichana akamkalisha karibu na mgongo wake. Kwao Wadinka ni kali zaidi, mkwe akimwona mama wa mkewe njiani anaingia kichakani. Kama angesema yeye ni Deng, mimi ningelazimika kumfukuza, na yeye angelazimika kukimbia, na mtoto angekaa huko Kakuma bila jina. Lakini ndugu ya Deng? Ndugu anaweza kubeba bibi. Basi yeye akajifanya Mabior, nami nikajifanya mjinga. Msiite uongo. Ilikuwa heshima, ya kwake na ya kwangu.

Kufuata Turkwel

Alitaka tushike barabara moja kwa moja. Nikakataa. Nilitaka tupande kwanza kando ya mto mpaka kwa dada yangu Arupe, nikachukue samli. Mama aliyejifungua hapewi dengu.

"Haboba, hiyo njia ni ndefu," akasema.

"Miguu inayokanyaga ni yako. Mimi naumia nini?"

Akacheka, mara ya kwanza. Akakunja gunia akaliweka kwenye keria, nikaketi upande upande kama malkia. Sikumshika kiuno. Nilishika springi za kiti chake, na kila shimo lilipokuja springi zilinibana vidole.

Wenzangu, mimi nimeteka maji ya Turkwel tangu utotoni, lakini nawaambia sikuwa nimewahi kuuona mto huo. Mwenye mtungi kichwani haoni mto, anaona vidole vyake vya miguu asije akajikwaa. Siku ile sikuwa na mtungi. Mto ulikimbia kando yetu, maji ya rangi ya chai, mara yanajificha nyuma ya mikoma, mara yanatokea tena mbele kama mtoto anayekuchezea. Kivuli kinapita usoni, jua, kivuli. Ngedere walikuwa juu wanaguguna makoma na kututupia kokwa. Upepo uliingia chini ya shanga zangu mpaka shingo ikapoa, na sikumbuki ni lini shingo yangu ilikuwa baridi mchana.

Wanawake waliokuwa wanafua wakaniona.

"Mama, huyo mume mpya umempata wapi?"

"Nyinyi fueni," nikawajibu. "Wenu wanakaa chini ya miti. Wangu anakanyaga."

Mgongo wa Mabior ukatikisika kwa kicheko, baiskeli ikaingia nyasi, karibu tuoge.

Nikaona hapo ndipo pa kuanzia kazi yangu. Nikamwambia, "Mabior, una ndugu mjinga."

"Nani, Haboba?"

"Deng. Mtu anachukua binti ya watu kama anayeokota kuni. Mwambie maneno yangu. Mwambie Akiru ana kwao. Rudia nisikie kama umeyashika."

"Akiru iko na kwao," akarudia.

"Mwambie hakuota jangwani kama mgunga."

"Hakuota jangwani kama mgunga. Lakini Haboba, pengine Deng si mjinga. Pengine ng'ombe yao iliisha kwa vita."

"Nani amekuuliza pengine? Wewe beba maneno, jibu ataleta mwenyewe."

Tukaenda hivyo mpaka kwa Arupe. Kila nilipokumbuka tusi la Deng nililituma, naye akalirudia polepole, neno kwa neno, huku jasho likimtiririka. Hakuliacha hata moja nyuma.

Arupe alitupa maziwa ya mbuzi na uji wa mtama wa shamba lake la mtoni, na akanijazia kibuyu cha samli. Alitaka tulale, tukalala. Asubuhi akamzunguka yule mrefu kama anayekagua ngamia, akaniambia masikioni, "Anakula vizuri." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Mchanga wa Kawalase

Kutoka mtoni tukakata nyikani kuelekea barabara, na hapo ndipo starehe ilipokwisha. Kawalase ni mto pia, lakini wakati ule ulikuwa mchanga mtupu, mpana, unang'aa hadi macho yanauma. Baiskeli ikizama mchangani si baiskeli tena, ni mgonjwa. Nikashuka. Yeye akasukuma, mimi nikafuata nyuma na kibuyu changu kichwani, na miguu ikarudi kuwa ndiyo ninayoitazama.

Katikati ya mto tukasikia tairi la nyuma likipumua. Mwiba wa mgunga, mrefu kama sindano ya gunia. Alikuwa na viraka na gundi, lakini tubu, ule mpira wa ndani, lilikuwa na vumbi, na tundu halikuonekana. Akazunguka kutafuta maji. Hapo karibu palikuwa na kisima cha mchanga, shimo la kina kirefu, na mama mmoja ananywesha mbuzi kwenye hori la mti. Yule mtu, bila kuuliza, akaenda akazamisha tubu horini kutazama povu.

Yule mama hakupiga kelele. Alikuja polepole na fimbo yake, akamsimamia Mabior.

"Hilo ni tumbo la nini unaosha kwenye maji ya mbuzi wangu?"

Mimi nikamwambia ni tubu, halina uchafu.

"Mbuzi hawanywi mpira. Angalia."

Kweli, mbuzi walikuwa wamenusa hori wakarudi nyuma, wamesimama wanatutazama kama wakwe waliotukanwa. Maji yale yote yalikuwa ya kumwaga, na kila tone lilikuwa limetolewa chini ya ardhi kwa mikono.

"Malesh, mama," Mabior akasema, yaani samahani. Akavua shati, akalikunja juu ya kiti cha baiskeli, akateremka shimoni.

Sasa sikilizeni. Kazi ile ya kisima mnaijua. Mtu wa mjini angerusha maji ovyo, akatoka shimoni na nusu ya debe. Huyu alichimba chini kwanza, akangoja maji yajikusanye, akachota bila kutibua, akapandisha. Na alipoanza kujaza hori akaanza kuimba. Sauti nzito, polepole, kwa lugha yao. Hakutuimbia sisi. Mbuzi mmoja akasogeza masikio. Kisha mwingine. Kisha wote wakaja, wakainamisha vichwa, wakanywa, naye akaendelea kuimba kutoka ndani ya ardhi, tunaona vidole vyake tu vikiinua debe.

Yule mama akaniuliza, "Huyu ametoka wapi?"

"Sudan."

"Huyu amelelewa na ng'ombe."

Nilijua amesema kweli. Mtu asiye na ng'ombe ni rahisi kumkataa. Mtu aliyezaliwa penye ng'ombe, akalala kati yao, akaimba majina yao, halafu akanyang'anywa wote, huyo unamwambia nini?

Tulikaa pale hadi mbuzi wa mwisho akashiba. Ndipo kiraka kikagandishwa, na jua lilikuwa tayari limepinda. Nilipoketi tena kwenye keria sikutuma tusi lolote kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe akaniuliza, "Haboba, leo hakuna maneno ya Deng?"

"Yapo. Yanapumzika."

Kwa mama mwenye ua wa miiba

Jioni tukaomba mahali katika boma moja nje ya barabara. Mwenyewe alikuwa mama mnene, mcheshi, mumewe yuko mbali na mifugo. Alikuwa amechinja mbuzi mzee siku ile, kwa hiyo Mungu alituona. Akaweka nyama ya kuchoma mbele yetu sote wawili, juu ya matawi.

Mabior akachukua kipande chake, akainuka, akaenda kukaa nyuma ya ua wa miiba, mgongo wake kwetu. Kila alipomaliza nilimwambia aje achukue kingine. Alikuja ameinamisha macho, akachukua, akarudi kulekule. Tulimsikia anatafuna huko kama fisi mwenye adabu.

Mama mwenye boma akaacha kutafuna yeye.

"Dada, umeniambia huyu ni nani?"

"Ndugu ya mtu aliyemchukua mjukuu wangu."

"Ndugu hali nyuma ya ua; anayejificha wakwe wasimwone akila ni mkwe. Huyo si ndugu ya mtu. Huyo ndiye mtu mwenyewe."

"Najua," nikamwambia. "Punguza sauti, nisije nikakosa usafiri."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Kutoka nyuma ya ua sauti ikauliza, "Haboba, kuna taabu?"

"Hakuna taabu. Kula."

Baadaye alinishauri, huyo mama. Akasema siku hizi huko Kakuma watu wanakubali vitu badala ya ng'ombe. Mmoja amekubali mabati, mwingine redio, mwingine magunia ya unga, na mabinti wanaitwa wake za watu. "Ng'ombe wamekwisha, dada. Wezi wamechukua, ukame umechukua. Tutakufa na kiburi?" Sikubishana naye. Nyama yake ilikuwa tamu, na swali lake halikuwa la kijinga.

Pelekech, kisha Tarach

Siku iliyofuata ilikuwa ya uwanda. Ardhi imelala, mawe madogo meusi, kichuguu kimoja kimoja kimesimama kama mtu anayengoja. Mlima Pelekech ulitokea mbele, wa buluu, ukakaa palepale asubuhi yote hata tukadhani baiskeli haisogei. Yeye alikanyaga, mimi nilishika springi. Tukanywa maji ya jerikeni yaliyokuwa moto kama chai. Lori moja lilitupita na askari wake, wakatupungia mikono. Walikuwa wamejifunga vitambaa mdomoni na sisi tulikula vumbi lao. Wenye bunduki hatukuwaona. Nadhani walituona wao, wakaona bibi na kibuyu, wakaendelea kulala.

Karibu na Tarach ardhi inaanza kuwa na huruma tena. Mto wenyewe haukuwa na maji, ila migunga mikubwa imejipanga kingo zote mbili, na ndani yake kuna njia ngumu iliyokanyagwa na mbuzi, laini kwa tairi. Tukaingia humo. Tukapita chini ya miti, polepole, njiwa wanalia, kivuli kikitupaka madoa. Nikasema moyoni, kama barabara zote zingekuwa mito, ningekuwa mtembezi.

Hapo ndipo aliponiuliza bila kugeuka, "Haboba, wewe umewahi kusahau sura ya mtu wako aliyekufa?"

Nikafikiri. "Ya Ekai, hapana. Mkono wake wa kushoto ndio unaanza kupotea. Ulikuwa na kovu, sikumbuki ni la kidole kipi."

"Deng amesahau sura ya baba yake," akasema. "Amebaki na jina tu."

Tukaendelea. Sikumwambia arudie.

Kakuma

Akiru anaishi upande wa mji, si kambini, kijumba cha makuti karibu na kingo za mto. Aliponiona nimeketi upande upande juu ya keria akaweka mkono mdomoni.

"Ata," akasema, yaani bibi, "umefika na nani?"

"Na Mabior, ndugu yake Deng."

Akamtazama, akanitazama, akauma mdomo. "Aa. Mabior. Karibu, shemeji."

"Na Deng yuko wapi?" nikamuuliza.

"Ameenda sokoni."

"Sawa. Asiharakishe."

Mtoto alikuwa mrefu. Nililiona hilo kwanza, miguu imetoka nje ya kitambaa. Nikampa Akiru samli, nikanawa mikono, nikaketi karibu naye. Mtoto akawekwa titini. Lakini kabla sijafungua mdomo, kivuli cha Mabior kikaziba mlango.

Alikuwa ameipangusa baiskeli mpaka chuma kinang'aa. Aliisukuma hadi mbele ya mlango, akailaza chini kwa upande, taratibu, pembe zake za usukani zikagusa mchanga. Ndivyo ng'ombe anavyolazwa. Akapiga goti nyuma yake, macho chini.

"Haboba. Deng ametuma maneno. Amesema yeye hana ng'ombe, iko na hii tu. Inabeba maji, inabeba kuni, inabeba watu, ndiyo chakula yake. Amesema chukua. Amesema mtoto aitwe jina la baba yake, ili mtu yule asipotee wote."

Majirani walikuwa wamesogea. Mtoto alikuwa ameliacha titi, anatazama paa.

Nawaambia ukweli, wenzangu. Niliitazama baiskeli ile nikasikia upepo wa Turkwel shingoni. Nilikuwa ninampenda mtu yule. Kama angekuwa wangu ningetembea kifua mbele. Lakini nikamfikiria mtoto akiwa kijana, amekaa na rika lake, wanaulizana ni nini kilianguka siku ya harusi ya mama zao. Mmoja atasema fahali mwekundu, mwingine atasema fahali wa pembe pana. Na huyu wetu aseme spoki? Nikafikiria pia, nikiichukua, kesho baba yake atabeba maji ya watu kwa mgongo, na kwa mgongo hutapata ng'ombe hata uishi mara mbili. Na nyuma ya hayo yote alikuwa Ekai, na ule mkono wake unaopotea.

Nikasema, "Baiskeli haina damu. Mtoto ni wa Ekai mpaka ng'ombe aanguke."

"Ata," Akiru akanong'ona, "amekukanyagia kutoka Lodwar. Ng'ombe gani angekubeba hivyo?"

"Nimesikia. Mweke mtoto titini."

Akamweka. Nikainama nikamtajia sikioni, Ekai. Akakaa kidogo, kama anayepima. Kisha akavuta, na akavuta tena, mpaka tukasikia koo lake linameza.

Yule mrefu alikuwa bado amepiga goti. Nilidhani atainuka aende kwa hasira, na ningemwelewa. Akainua baiskeli, akapangusa mchanga kwenye kiti kwa kiganja, akaiegemeza ukutani. Kisha akarudi akachuchumaa mahali palepale, ameugeuza uso pembeni asinione mdomo, kama walivyofundishwa kwao.

"Kwetu pia ni hivyo, Haboba," akasema. "Baba yetu angesema hivyo hivyo. Nitapeleka maneno kwa Deng. Lakini sema tena, nishike vizuri. Iko na masikio nzito, yule."

Nikamwambia, "Baiskeli haina damu. Mtoto ni wa Ekai mpaka ng'ombe aanguke."